Nyasi za Katikati ya Ngitili

Aliyelisha ngitili yetu mwaka ule alikuwa mtu mwenye akili. Hakugusa nyasi za pembezoni. Ukipita njiani uliziona zimesimama hadi kiunoni, zimekauka vizuri, na ungesema mjane huyu amejaliwa, ng'ombe wake watavuka kiangazi. Ilikupasa uingie ndani, uzisukume kwa mikono kama mtu anayepenya pazia, hatua ishirini, thelathini, ndipo ulipotokea mahali peupe palipokwanguliwa mpaka mizizi ikaonekana. Katikati yote ilikuwa imeliwa. Kilichobaki kilikuwa ukuta wa nyasi uliozunguka vumbi.

Mama hakupiga kelele. Alinitumia ujumbe kwa utingo wa lori la pamba lililokuwa likienda Kahama, nilikokuwa nikifundisha shule ya msingi. Utingo alinikuta nje ya darasa, akaniambia bila hata kushuka kwenye gari kwamba mama yangu amesema nije na karatasi.

Nilijua ni karatasi gani. Ilikuwa hukumu ya Mahakama ya Mwanzo, ukurasa mmoja wenye mhuri wa zambarau, na nilikuwa nimekabidhiwa niitunze kwa sababu mama hakuiamini nyumba yake mwenyewe. Panya, mchwa, moshi, wageni: alivihesabu vyote katika kundi moja. Hukumu ilisema kwamba mdaiwa, jirani yetu, asiingize mifugo katika ngitili ya mdai, ambaye ni mama, na asiguse uzio wake. Ilitolewa mwaka mmoja kabla, baada ya ng'ombe wa jirani kuingia mchana kweupe na kula wiki nzima. Mwaka ule alikiri, akaomba radhi mbele ya hakimu, na sote tukaamini yamekwisha. Sote isipokuwa mama.

Ngitili, kwa asiyetoka kwetu, ni malisho yanayofungwa masika yote. Hakuna anayechunga humo wakati wa mvua, hata mwenyewe. Nyasi zinaachwa zikue, zikomae, zisimame zikisubiri miezi ile ambayo Shinyanga nzima inakuwa na rangi ya jivu na ng'ombe wanatembea siku nzima kutafuta kitu cha kutia mdomoni. Baba alituachia ngitili moja na ng'ombe sita. Alikuwa amekufa miaka minne kabla. Ng'ombe sita hao ndio waliolima, ndio waliotoa maziwa, ndio waliomfanya mama aitwe mtu mwenye mji wake na si mzigo kwenye mji wa shemeji yake. Bila nyasi zile wasingeona mvua ya kwanza. Hesabu yake ilikuwa fupi hivyo, na kila aliyelisha mule aliijua.

Nilipofika likizo ilipoanza, mama alinipeleka kwenye uzio kabla sijanywa maji. Uzio wetu ulikuwa wa minyaa, ile mimea inayotoa utomvu mweupe ukiikata. Alinionyesha matawi matatu yaliyokatwa na kurudishwa mahali pake, yakafungwa kwa kamba ya katani kwa fundo zuri kabisa.

"Mwizi hafungi mlango," mama alisema. "Huyu anafunga. Kwa nini anafunga?"

 Nilidhani jibu lilikuwa wazi: afiche. Lakini mama aliligusa lile fundo kwa kidole, akalizungusha huku na huku, kama analijua na hataki kulijua.

Mtu wa kwanza kutusindikiza mahakamani alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Alikuwa ametokea Geita majuma mawili kabla, alikokuwa akichimba dhahabu miaka mitatu. Alirudi na shati moja zuri, kikohozi, na maneno mengi ya wachimbaji. Alituambia duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, lilikuwa limebakiza urefu wa mtu mmoja tu lifike kwenye mwamba wenye mali, kisha likajaa maji. Miaka yote minne baada ya msiba hakuja kuuliza tunakula nini. Sasa alikuwa mbele yetu njiani, akibeba karatasi yetu mkononi, akimwita mama "shemeji yangu" kila hatua kumi.

"Karatasi uishike wewe," mama aliniambia kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini. Nikaenda kuichukua nikijifanya nataka kuisoma.

Mahakama ilikuwa jengo dogo la matofali kando ya barabara, lenye baraza jembamba na benchi moja nje. Karani alitusikiliza huku akichonga penseli. Alisema jambo letu linaitwa kukazia hukumu, kwamba hukumu peke yake ni maneno, na maneno yasipotiiwa anayeyataka yatiiwe lazima arudi kuomba. Mama alimuuliza, je, mahakama haioni yenyewe? Karani akacheka bila ubaya. Akasema mahakama haina macho, ina faili.

Aliandika maombi yetu kwa mwandiko wa kupendeza. Tulipotoka, nilimwona jirani yetu amekaa kwenye benchi ya mgahawa upande wa pili wa barabara, na kikombe cha chai mbele yake, na kikombe kingine mkabala naye kilichokuwa bado kinafuka. Hapakuwa na mtu kwenye kikombe cha pili. Baada ya muda karani alivuka barabara na kukaa pale.

Nilimwambia mama. Akasema ameona.

Jirani tulimwita Baba Pacha, kwa kuwa mkewe alizaa mapacha na watu wa kwetu hawasahau jambo kama hilo. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyesalimia mpaka watoto. Ndiyo maana tulimwogopa. Mtu mkali unajua atafanya nini. Baba Pacha aliomba radhi mwaka uliopita kwa unyenyekevu mkubwa hivi kwamba mama alirudi nyumbani akiwa na hasira zaidi kuliko alivyokwenda.

Hakimu alisoma maombi akaagiza kwamba mifugo ikikutwa tena ndani ya ngitili ikamatwe na kuwekwa kwenye zizi la mahakama hadi siku ya shauri, yaani Alhamisi iliyofuata. Alimtuma tarishi wake na mgambo wawili. Jumapili alfajiri tulikwenda nao, tukapita pale kwenye matawi yaliyofungwa. Utomvu ulikuwa bado unadondoka. Tulisukuma nyasi ndefu, tukatokea kwenye peupe, na hapo tukawakuta ng'ombe kumi na ndama mmoja wamesimama kwenye ukungu mwembamba wa asubuhi, wanakula, bila mchungaji.

Walikuwa watulivu mno. Ng'ombe waliokamatwa kwenye malisho ya mtu huwa wanatawanyika, wanajua wameiba, au wanamjua mchungaji wao anayejua. Hawa waliinua vichwa, wakatutazama kama wenyeji wanaotazama wageni, wakarudi kula. Tarishi alisema hajawahi kukamata mali kirahisi namna ile, na niliona jambo hilo halimpendezi.

Tulipowafikisha kwenye zizi la mahakama, karani alituambia habari ambayo hakuitaja siku ya maombi. Aliyeomba mifugo ikamatwe ndiye anayeilisha na kuinywesha mpaka shauri lisikilizwe. Ndivyo utaratibu ulivyo.

Mama alinyoosha kidole kwenye zizi. "Nilishe ng'ombe waliokula nyasi zangu," alisema, "kwa nyasi zangu."

"Ndivyo ulivyo utaratibu, mayu," karani alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mama alikubali maji. Nyasi alikataa. Alisema zilizobaki ni za sita wake, na kwamba kumi na mmoja hawa wameshiba tayari kwa mwezi mzima. Baba mdogo alimuunga mkono kwa nguvu sana, akasema wakifa na wafe, mwenyewe atajifunza. Kwa hiyo Jumapili na Jumatatu nilibeba maji, ndoo kwa ndoo, kutoka kwenye kisima cha misheni kilichokuwa mbali, nikawamiminia kwenye nusu ya pipa, na ng'ombe wakanywa na kunitazama wakisubiri kitu kingine ambacho sikukileta.

Jumatatu jioni Baba Pacha alipita. Nilitarajia aje na maneno, au aje na watu. Alisimama nje ya zizi mikono nyuma.

"Mwalimu, hujambo," alisema. "Yule mwenye pembe iliyolegea hanywi mpaka wenzake waondoke. Uwe unamwachia kidogo."

Kisha akaenda zake. Nilibaki na ndoo tupu, nikijiuliza ni mtu gani anayenyang'anywa ng'ombe kumi na mmoja na kuja kufundisha jinsi ya kuwanywesha. Nilifika nyumbani nikamwambia mama maneno hayo kama yalivyosemwa. Alikuwa akichambua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ungo. Mikono yake ilisimama.

"Pembe ipi imelegea?"

"Ya kushoto."

Akarudia kuchambua. Lakini Jumanne alikuja nami, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya kuwakamata. Alizunguka zizi mara mbili, akasimama upande alipokuwa yule ng'ombe wa pembe ya kushoto, jike la kijivu lenye ndama. Alisimama sana. Aliinama akachungulia chini ya tumbo lake. Nilipomuuliza anaangalia nini, alisema anaangalia kama ananyonyesha vizuri, asije mtu akasema mahakamani tumemuua.

Jumatano alfajiri nilimkuta ameshaamka, amekata mzigo mkubwa wa nyasi za pembezoni, zile nzuri, na ameufunga tayari kichwani. Tulikwenda mpaka kwenye zizi la mahakama. Ndama alikuwa amelala kwenye kona ya zizi, shingo imenyooka, nzi wameshamtambua. Mama aliushusha mzigo taratibu kana kwamba kuna mtu amelala. Kisha akakaa chini, hapo hapo kwenye kinyesi, na kanga yake ya kutokea.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijua mambo mengi. Sikujua kwa nini mama analilia ndama wa adui.

Alhamisi chumba cha mahakama kilijaa. Hakimu alikuwa kijana, mgeni kutoka pwani, mwenye Kiswahili kilichoteleza. Kushoto na kulia kwake walikaa washauri wawili wa mahakama, wazee wa kwetu. Mama alisimama akaeleza matawi yaliyokatwa, nyasi za katikati, ng'ombe waliokutwa ndani. Nikatoa hukumu, hakimu akaugusa mhuri wake. Tarishi akathibitisha. Ilikuwa kesi ya kumalizika kabla ya chai. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Hakimu akamwambia Baba Pacha kwamba kuvunja amri ya mahakama si jambo la kuombea radhi mara mbili, na kwamba anaweza kulala jela siku hiyo hiyo. Akamuuliza ana la kusema.

Baba Pacha alisimama, akavua kofia.

"Mheshimiwa, ng'ombe wangu hawajaingia ngitili ile tangu uliponikataza. Waliokamatwa si wangu. Ni wa marehemu mume wa mama huyu. Nilimlisha mwenye nyasi nyasi zake."

Yeyote wa kwetu angeyaelewa maneno hayo mara moja, lakini kwa wengine lazima nieleze desturi. Mfugaji wa kwetu haweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Huwawekesha wengine kwa watu wengine: rafiki, jirani, mtu wa kijiji cha mbali. Anayewekeshwa hunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe na uzao wao ni wa mwenyewe. Na jambo hili hufanywa kwa siri. Ugonjwa ukija hauli wote. Ndugu wakija kuomba hawaoni wote. Ukimtazama mtu na kundi lake huwezi kujua ni wangapi ni wake, na kumuuliza ni utovu wa adabu mkubwa kuliko kumuuliza umri wa mkewe. Siri hukaa kati ya watu wawili. Mmoja akifa, hukaa kwa mmoja.

Hakimu wa pwani ilibidi aelezwe. Mshauri wa kulia alimnong'oneza muda mrefu, kisha yeye mwenyewe akamgeukia Baba Pacha na kuuliza lile ambalo kila mtu alitaka kuliuliza. Kama ni kweli, kwa nini hakusema msibani?

Baba Pacha alijibu kwamba marehemu alimkataza asiseme mbele ya ndugu zake.

Baba mdogo alisimama. Aliketishwa.

Mshauri akauliza la pili. Desturi ni kwamba ng'ombe wa kuwekeshwa akifa, aliyewekeshwa humpelekea mwenyewe ngozi, ili ionekane amekufa na hakuuzwa. Ziko wapi ngozi?

"Ninazo tatu, chini ya kitanda," Baba Pacha alisema. "Mwenye kupelekewa alikuwa amekufa. Sikujua nimpelekee nani."

Nilimtazama mama nikitegemea kuona mshtuko. Hapakuwa na mshtuko. Hapo nilielewa kwamba alijua tangu Jumanne, pale alipoinama chini ya tumbo la yule jike. Baadaye alinieleza. Mwaka tuliohamishiwa kwenye kijiji kipya, baba aliondoka kuwahamisha ng'ombe wengi akafika na wachache. Alisema baadhi wamekufa njiani, na mtamba mmoja wa kijivu, mwenye baka jeupe chini ya tumbo na pembe ya kushoto isiyoshika, amemtoa kwenye mahari ya mpwa wake. Mama alikuwa amemkamua mama yake mtamba yule kwa miaka. Alimtafutia hata jina. Na siku tatu, kwa sababu ya hasira ya haki kabisa, alimnyima nyasi, na mwanawe akafa.

Hakimu alimgeukia mama. Alisema jambo sasa limekuwa jepesi. Kama ng'ombe ni wa mdai, basi wamekula nyasi za mdai, mdaiwa hana kosa, na mdai awachukue ng'ombe wake aende nyumbani. Kama si wake, mdaiwa amevunja amri na mahakama itamshughulikia leo leo. "Mama, ng'ombe hawa ni wako au si wako?"

Nyuma yetu benchi ililia. Baba mdogo alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, macho kwa mama. Sikuhitaji kuambiwa anasubiri neno gani. Mama akisema ni wa mume wake, basi ni mali ya marehemu ambayo haikugawanywa, na mdogo wa marehemu yuko hapa hapa, ameshavaa shati zuri. Akisema si wake, ng'ombe kumi wanakuwa wa Baba Pacha mbele ya wazee wawili na chumba kizima, na hataweza tena kuwadai akiwa hai. Na Baba Pacha, je? Alikuwa amekaa nao miaka minne kimya, akafungua mdomo siku alipoiona jela. Alikuwa anarudisha mali au anajiokoa? Mtu anaweza kufanya yote mawili kwa sentensi moja.

Mama alijifunga kanga upya kiunoni. Hakuharakisha.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi nilileta habari ya nyasi. Hukumu yako ilimkataza huyu kuingiza mifugo kwenye ngitili yangu na kugusa uzio wangu. Hukumu haikuuliza mifugo ya nani. Amekata uzio, amefungua, amefunga, mara nyingi. Kama alikuwa na habari ya ng'ombe, mlango wangu anaujua, angebisha. Habari ya ng'ombe sikuileta mimi hapa, na leo sitaijibu."

Hakimu alimwambia lazima ajibu. Mshauri wa kulia akamwekea mkono kwenye kitabu na kusema kitu sikioni. Wakatoka nje, wote watatu. Waliporudi, hakimu alisoma polepole, akiandika huku anasoma. Ombi la mama limekubaliwa. Amri imevunjwa. Badala ya jela, mdaiwa atapeleka mabua ya shamba lake lote kwa ng'ombe sita wa mdai mpaka mvua inyeshe, na asipopeleka siku moja, tarishi atamfuata. Ng'ombe waliokamatwa warudi walikotoka, kwa kuwa hakuna aliyewadai mbele ya mahakama. Mwenye madai afungue shauri lake.

Baba mdogo alisema yeye anadai, hapo hapo. Hakimu akamwambia apite kwa karani.

Nje, kwenye jua, alimshika Baba Pacha mkono wa shati. Nilikuwa karibu nikasikia yote.

"Umesema ni wa kaka yangu. Watu wote wamesikia."

"Nilisema," Baba Pacha alijibu kwa upole ule ule. "Niliogopa jela, ndugu yangu. Mtu akiogopa jela anasema mengi. Ng'ombe ni wangu."

"Mwongo wewe."

"Ndiyo. Lakini wa saa ngapi? Wa asubuhi au wa sasa?"

Watu walicheka. Baba mdogo alikaa kwetu siku nne zaidi, akaenda mara mbili kwa karani na kurudi bila kutuambia kitu, kisha akasema duara lake la Geita huenda limekauka, akaondoka na gari la kwenda Katoro. Mama alimfungia chakula cha njiani. Alisimama barabarani mpaka vumbi la gari likatulia, si kwa huzuni. Alitaka kuwa na hakika.

Mabua yalikuja. Kila siku mbili, mzigo wa mkokoteni, ukishushwa nje ya zizi letu na watoto wa Baba Pacha. Mama aliyakagua kama yana sumu. Aliyanusa, akampa kwanza ng'ombe mmoja, mzee, akasubiri mpaka jioni ndipo akawapa wengine. Wakala, wakakonda kwa kiasi, wakabaki hai. Usiku sikumsikia akilala. Mchana alishughulika na swali moja ambalo hakulitamka ila mara moja tu, tukitwanga.

"Baba yako alimficha mdogo wake," alisema, "au alinificha mimi?"

Nikasema aende amuulize Baba Pacha.

"Nikimuuliza atanijibu. Kisha nitabaki na jibu lake." Akaendelea kutwanga. "Kuna mtu aliwahi kuniambia yule mtamba ametolewa mahari. Nilimwamini. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja."

Nilikuwa na siku mbili za likizo zimebaki Baba Pacha alipokuja mwenyewe, asubuhi, peke yake. Alibisha hodi mlangoni. Begani alikuwa na ngozi nne zilizokunjwa, kavu, ngumu kama mbao, zikitoa harufu ya moshi na uvungu. Alisalimia, akaulizia hali, akasifu mabua yake mwenyewe kidogo. Kisha akaziweka chini, miguuni pa mama, akarudi nyuma hatua moja.

Kwa desturi yetu hilo lilikuwa jibu la lile swali la hakimu. Halikuwa na shahidi isipokuwa mimi.

Mama alipiga magoti. Alifungua ya kwanza, akapitisha kiganja juu ya manyoya, akasema, "Huyu ni yule mwekundu." Ya pili aliitambua kabla haijafunguka yote. Ya tatu ilikuwa ndogo, laini bado, ya yule ndama wa zizi la mahakama, na hiyo aliikunja upesi akaiweka pembeni. Ya nne aliifungua akaigeuza, akaigeuza tena. Ilikuwa nyeusi yenye madoa meupe shingoni. Aliisogeza kwenye mwanga.

"Huyu simjui."

"Alizaliwa baada ya msiba," Baba Pacha alisema.

"Mama yake nani?"

"Yuko zizini."

Nilimwona mama akiipima ile ngozi, kisha akimpima mtu, kisha ngozi tena. Kama ilikuwa kweli, ng'ombe wetu walikuwa wamezaa zaidi ya tulivyodhani. Kama si kweli, basi mahali fulani kuna ng'ombe wetu mwingine aliyeuzwa mnadani, na ngozi hii imeletwa kuziba nafasi yake. Baba Pacha hakukwepa macho. Lakini hata mwaka uliopita, akiomba radhi, hakuwa ameyakwepa.

"Kesho nitakuja kwako," mama alisema. "Nimwone huyo mama yake."

"Karibu, Mama Mwalimu. Uje mapema, kabla hawajatoka kwenda malishoni."

"Nitakuja wakati wangu."

Baba Pacha aliinamisha kichwa, akavaa kofia, akaondoka kwa njia ya kawaida, bila haraka. Mama alibaki amepiga magoti na ile ngozi nyeusi mapajani. Alipohakikisha amefika mbali, aliniambia nivae viatu. Twende sasa hivi, alisema, tupite kwa nyuma, tufike zizini kwake kabla yeye hajafika, asije akaichagulia ngozi hii mama.